Katoka Kidogo Tu

Mtu aliyekuwa akichora majengo ya ghorofa sita alifanyia kazi yake juu ya meza ya kupigia pasi. Tusimcheke bado. Tutamcheka baadaye, sababu zipo tele na hazitaki haraka. Meza yenyewe ilikuwa ya mke wake, imevikwa kitambaa cha maua kilichoungua pembeni, na sifa yake kubwa ilikuwa kupanda na kushuka: asubuhi aliishusha akakaa, mchana kiuno kikianza kulalamika aliipandisha akasimama. Iliwekwa kati ya kabati la nguo na kitanda, ndani ya chumba ambacho mtu akitaka shati sharti kwanza amwombe mchoraji asogeze kompyuta. Hapo, kwenye mita moja na robo ya kitambaa cha maua, ndipo zilipozaliwa shule, zahanati na maduka ya nchi nyingine kabisa, nchi aliyozaliwa yeye, ambako mara ya mwisho alikanyaga mwaka juzi kwa wiki tatu.

Tangu shuleni walimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kupiga mstari bila rula, hata ule wa kufuta jibu alilokosea. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti, likingoja siku ya kutafutwa na serikali. Siku hiyo ilikuja, na ilikuja na serikali mbili.

Miaka minne kabla ya hapo mke wake, muuguzi wa wodi ya wazazi, alipata kazi ng'ambo. Rula alikuwa ameajiriwa na kampuni ya ujenzi, naye akaenda kwa Mkurugenzi na barua ya kuacha kazi mkononi. Mkurugenzi aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Ndugu yangu, uache kazi ya nini? Sisi hapa ni familia. Nenda na mama watoto, chora huko huko, tutumie kwa mtandao."

Familia ni familia. Kesho yake familia ilimtolea karatasi mpya iliyomvua likizo, bima na akiba ya uzeeni kwa aya moja, ikamvika cheo cha mkandarasi huru. Uhuru wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Alikuwa huru kuugua kwa pesa zake, huru kununua kompyuta yake, huru kupokea simu alfajiri kwa sababu saa za kule na za huku hazikupatana. Kila mwezi malipo yalipoingia, mhasibu alimwandikia ujumbe ule ule: "Kodi ya zuio tumeshakukatia, usiwe na wasiwasi." Na Rula, kwa miaka minne, hakuwa na wasiwasi. Kuna watu Mungu amewajalia usingizi mzito.

Aliyemwamsha ni kibali. Kibali chake cha kuishi nchi ya watu kilikuwa kinakaribia kwisha, na safari hii fomu ya kukiongeza ilikuwa na kipengele kipya: ambatisha hati ya kutodaiwa kodi. Cha mke wake hakikuwa na shida, hospitali ilikishughulikia yenyewe. Binti yao wa miaka minane alikuwa ameandikwa chini ya mama yake. Aliyekuwa ananing'inia ni baba peke yake. Asipopata hati hapati kibali, na asipopata kibali anafunga mizigo, anamwacha mke na mtoto. Alipewa siku tisini.

Ofisi ya kodi ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, pengine kwa kuogopa walipa kodi wasije wakaondoka navyo. Ofisa aliyemwita alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaeleza watoto kwa nini hairuhusiwi kukimbia ndani.

"Unafanya kazi wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani huku, au nyumbani kwenu?"

"Huku. Lakini kampuni iko kwetu, na kodi nakatwa kule kule."

"Mkono unaochora uko wapi?"

Rula aliutazama mkono wake, kana kwamba nao ungeweza kuwa umesafiri bila kumuaga. "Uko hapa."

"Basi na kodi iko hapa. Ya miaka minne."

"Lakini mama, kule nimeshalipa."

"Kule umelipa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu wamenikata."

"Hiyo si sababu," alisema ofisa, bila ubaya wowote. "Hiyo ni habari."

Akamweleza taratibu. Nchi hizi mbili zilikuwa zimetiliana saini mkataba kwamba mtu asikamuliwe mara mbili kwa jasho moja. Mkataba mzuri sana, una kurasa thelathini na kitu. Kasoro yake ndogo ni kwamba ili umwokoe mtu, sharti mtu huyo awe mkazi wa nchi moja tu, na yeye kwenye vitabu vya kwao alikuwa bado mkazi wa kule. Alete barua ya mamlaka ya kwao kwamba si mkazi tena. Akiileta, atalipa huku kwa awamu, kule watamrudishia walichomkata, na hati ataipata siku hiyo hiyo. Asipoileta, kila nchi itamhesabu kuwa wake, na hakuna hati.

Kabla hajaondoka alipewa fomu nyingine, ya mahali pa kazi, maana kuna nafuu kidogo kwa mtu anayetumia sehemu ya nyumba yake kutafutia riziki. "Andika ukubwa, eleza na matumizi," mama wa miwani alimwambia. Mtu mwingine angeandika "meza" akaenda zake. Rula alikwenda nyumbani akachora. Aliichora meza ya kupigia pasi kwa vipimo, kwa juu, kwa mbele na kwa ubavuni, ikiwa imepandishwa na ikiwa imeshushwa, pamoja na maua na mahali palipoungua. Mke wake alisimama mlangoni amebeba sare zake za kazi.

"Kwa hiyo leo sipigi pasi?"

"Subiri kidogo, namalizia miguu."

"Baba watoto, serikali inataka kukufukuza, wewe unaichorea miguu ya meza!"

Nafuu ilipatikana. Ilitosha penseli mbili na kifutio.

Huko kwao maombi yake yalipelekwa Dirisha la Nne. Lilikuwa dirisha kweli, kwenye ukumbi wa mamlaka, na lilijulikana zaidi kuliko watu waliokaa nyuma yake, kwa kuwa lenyewe angalau lilikuwepo kila siku. Baada ya wiki tatu lilijibu. Kabla ya kumtangaza mtu si mkazi, mamlaka hutuma ofisa kuhakiki makazi. Na makazi ya Rula, kwa mujibu wa kitambulisho, yalikuwa nyumba ya mama yake.

Hapa inabidi tumjue mama. Alikuwa mjane, karani mpiga chapa mstaafu wa mahakama, aliyepiga chapa viapo vya watu miaka thelathini na mmoja mpaka vidole viwili vikapinda. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, na kimoja kilikuwa cha Rula. Si kwamba kiliwahi kuwa cha Rula. Kilikuwa cha Rula. Shuka zilibadilishwa kila Jumamosi. Viatu alivyoviacha vilipigwa rangi. Ubao wa kuchorea alionunuliwa na marehemu baba yake, ule aliochorea nyumba yake ya kwanza yenye milango minne na bila choo, uliegemezwa dirishani ukifutwa vumbi. Kikombe chake cha bati kilining'inia jikoni kwenye msumari wake. Mswaki ulibadilishwa kila miezi mitatu, kama madaktari wanavyoshauri, ingawa haukuwa umeona jino hata moja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mama aliutoa uzee wake wote kuwaumbua wahenga.

Na yeyote aliyebisha hodi akamuulizia mwanawe, awe fundi bomba, muuza mayai au shemeji mwenye mahesabu yake kichwani, alipata jibu moja: "Katoka kidogo tu." Mjane mwenye akili hatangazi mlangoni kwamba nyumba haina mwanamume. Na mama mwenye mapenzi hasemi mwanangu amekwenda, kwa sababu kusema hivyo ni kumchuria. Katoka kidogo. Kwani hiyo kidogo nani ameipima?

Rula alimpigia simu kumwandaa. "Mama, atakuja mtu wa kodi. Mpokee vizuri."

Hilo ndilo kosa lenyewe, na anaweza kulitenda mtu mwenye mama kama huyu tu. Angesema, mwambie niko ng'ambo, mwambie sirudi leo wala kesho. Lakini ulimi wa mtoto unakuwa mzito kumwambia mama yake maneno hayo, basi akasema mpokee vizuri. Mama akampokea vizuri.

Jioni yake alipiga simu mwenyewe, amechangamka.

"Kaja, mwanangu. Kijana mpole, ana adabu, mama yake amelea. Kanywa chai vikombe viwili."

"Kakuuliza nini?"

"Kaniuliza uko wapi. Nikamwambia katoka kidogo tu."

"Mama!"

"Sasa?"

"Nimetoka miaka minne!"

"Kwani minne ni mingi? Marehemu baba yako alitoka kununua betri za redio akarudi baada ya mwezi, na hakuna aliyetutumia ofisa."

"Kingine kakuuliza nini?"

"Kaomba kuona chumba chako. Nikamwonyesha. Kakisifu sana."

Alikisifu kwa maandishi. Nakala ya taarifa ilimfikia Rula wiki iliyofuata, ukurasa mmoja wa sifa tupu: "Chumba cha mlipa kodi kipo na kinatunzwa. Kitanda kimetandikwa. Viatu vimepigwa rangi. Mswaki ni mpya. Mlipa kodi hakuwepo wakati wa ukaguzi, ametoka kidogo." Uamuzi: ni mkazi. Na kwa kuwa ni mkazi, aeleze kwa nini hajaleta ritani, zile taarifa za mapato, za miaka minne, akijiandaa na faini.

Kwa hiyo sasa alikuwa mkazi wa huku kwa sababu ya mkono, na mkazi wa kule kwa sababu ya mswaki. Enzi zile anazunguka na bahasha ya vyeti akiomba kazi hapakuwa na nchi iliyomtaka hata moja. Leo mbili zilikuwa zinamvuta, huku na kule, na kila moja imeshika upande wenye mfuko.

Baada ya simu nyingi, ambazo nusu yake zilipokelewa na muziki, Dirisha la Nne lilimpa njia. Mwenye nyumba aape kwa maandishi mbele ya wakili kwamba mhusika hana chumba, kitanda wala kitu chochote alichotunziwa katika nyumba hiyo. Kiapo kikifika, uamuzi utageuzwa. Siku zilikuwa zimebaki thelathini na moja. Rula alimtumia mama karatasi ile, akampa siku moja ya kuisoma, akapiga simu.

"Nimeisoma," mama alisema. "Siwezi kuisaini."

"Kwa nini, mama?"

"Ina uongo."

"Uongo gani? Si naishi huku? Sheria ya huku inasema mtu akikaa siku mia moja na themanini na tatu, tayari ni mkazi."

"Mia na themanini na tatu?" Mama alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tulisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao wanamwacha nusu mwaka anakula tu?"

"Ndiyo sheria yao."

"Haya. Unaishi huko, sijakataa. Lakini hapa pameandikwa huna kitanda. Kitanda hicho hapo, nakiona."

"Wewe saini tu. Nani atakuja kuangalia?"

"Nimeshaangalia mimi."

Msishangae. Mama huyu huyu, aliyewaambia wauza mayai wa mtaa mzima kwamba mwanawe yuko hapo nje, hakuona kinyume chochote. Neno la mlangoni ni adabu, linakwenda na upepo. Neno la karatasini ni kiapo. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwaona watu wazima na suti zao wakitetemeka wanaposomewa sentensi aliyoipiga chapa yeye, na alijiapiza kwamba jina lake halitakaa chini ya sentensi ya namna hiyo.

Siku zikayoyoma. Rula alizidisha mistari, akakosea ngazi ya zahanati ikatokea ukutani, Mkurugenzi akamkumbusha kwamba familia haifanyi makosa ya namna hiyo. Mke wake alijaribu kumpigia mkwewe, akarudishiwa salamu nyingi na hakuna saini. Siku moja binti alirudi kutoka shule akamkuta baba yake amesimama mbele ya meza, kompyuta imezimwa.

"Baba, wakikurudisha, utakaa kwa bibi?"

"Hawanirudishi."

"Lakini wakikurudisha. Mimi nitakuwa nakuona kwenye simu tu?"

Hofu ilimshika palepale, hofu ya kweli, si ile ya fomu. Alimwona mtoto akikua ndani ya kioo cha simu, kila likizo na urefu mpya, naye akimwambia nimekumiss kupitia mtandao unaokatika. Mtoto alipotoka tu chumbani, akampigia mama yake.

"Mama, nakuomba. Nakupigia magoti huku niliko. Nisipopata hii barua wananitenganisha na mwanangu. Wewe unajua uchungu wa mtu kukaa mbali na mtoto wake? Unaujua?"

Alisikia saa ya ukutani ya sebuleni kwao.

"Naujua," mama alisema.

Rula, mwerevu wetu, hakusikia kitu. Alikuwa na haraka. "Basi nisaidie. Ni karatasi tu, mama."

"Karatasi tu," mama alirudia. "Haya. Nipe siku kumi."

Siku kumi za nini, hakuuliza. Saini inachukua sekunde mbili, tatu kwa mwenye vidole vilivyopinda.

Siku ya kumi na moja kiapo kiliingia kwenye kompyuta, kimesainiwa, kina muhuri wa wakili. Mama alikuwa amekipiga chapa upya mwenyewe, kwa kuwa cha Dirisha la Nne hakikumridhisha. "Mwanangu aliyetajwa hapo juu hana chumba katika nyumba hii, hana kitanda, na hakuna kitu chake kilichobaki." Rula alikisoma mara tatu, akamwita mke wake, wakakumbatiana wakaiangusha meza ya kupigia pasi. Aliona kwamba pambizo zilikuwa zimenyooka vizuri. Zaidi ya hapo hakuona kitu, na huyu ni mtu anayelipwa kwa kuona tofauti ya milimita.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji. Dirisha la Nne lilitoa barua: si mkazi. Mama wa miwani aliipokea, akapanga awamu za deni, akagonga muhuri kwenye hati na kumuuliza hali ya meza. Kibali kilitoka siku sita kabla ya mwisho. Kuhusu alichokatwa kule kwa miaka minne, Dirisha la Nne lilimjulisha kwamba marejesho yake yanashughulikiwa, na yanashughulikiwa mpaka leo. Mkurugenzi alimpongeza sana, akasema familia haishindwi na kitu, kisha akaomba apunguziwe bei ya ramani.

Miezi mitano baadaye Rula alikwenda kumwona mama yake. Alibeba zawadi, alibeba picha za mtoto, na ufunguo wa chumba chake ulikuwa palepale kwenye funguo zake nyingine, haukuwahi kutolewa. Mama alimlaki mlangoni, wakashikana muda mrefu. Kisha Rula, kama alivyozoea, akaburuta sanduku moja kwa moja mpaka chumbani kwake, akachomeka ufunguo. Haukuingia. Akajaribu kuugeuza upande wa pili. Mlango ukafunguliwa kwa ndani, akatokea mwanamke mwenye futi ya kitambaa shingoni.

"Karibu, kaka. Ni nguo ya kushona, au ya kupunguza?"

Nyuma yake cherehani ilikuwa imekaa pale palipokuwa na kitanda. Pembeni, juu ya stuli mbili, ulilazwa ubao wa kuchorea, na juu ya ubao gauni la mtu lilikuwa limekatwa nusu, limepigwa mistari ya chaki.

"Huyu ndiye mwanangu," mama alisema kutoka nyuma. "Amekuja kunitembelea. Njoo huku, baba, umekosea mlango."

Kochi la sebuleni lilikuwa limetandikwa shuka za wageni, zile zilizokaa miaka yote ndani ya mfuko wa nailoni. Mama alifungua kabati la vioo akatoa kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Rula alikijua kikombe hicho. Alipokuwa na miaka saba alikigusa akachapwa, akaambiwa hicho ni cha wageni. Sasa kiliwekwa mbele yake, na kisosi chake, na kijiko chake.

"Mama, kikombe changu kiko wapi?"

"Kipi?"

"Cha bati."

"Nilikitoa."

"Na kitanda?"

"Nilikitoa. Godoro nililisukuma mwenyewe mpaka nje, liliniweka nusu saa pale kwenye kizingiti. Ubao nilimuuzia fundi, alihitaji mahali pa kukatia. Viatu kavaa mlinzi wa kanisani, vimemkaa. Siku kumi zilinitosha, hazikubaki."

"Mama, ungesaini tu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nani alikwambia utoe vitu? Ilikuwa karatasi tu!"

Mama aliweka birika chini. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Ulinitaka niape kwamba huna kitu hapa. Kilikuwepo. Ningeapaje? Nilikitoa kwanza, ndipo nikaenda kwa wakili. Siku ile nilisaini kweli tupu, baba. Ulisema watakutenganisha na mwanao. Nikasema basi, mmoja wetu abaki na wake." Akamsogezea sukari. "Usiniambie tena ni karatasi tu."

Rula aliona aibu, na chini ya aibu aliona uchungu ambao hakuujua jina. Alitaka kusema samahani akaishia kukoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Yule kijana wa kodi karudi," mama aliendelea, kama mtu anayehamisha kiti. "Kasikia nina mpangaji. Kanywa chai tena, kaniambia na kipato cha chumba nacho kina fungu lake la serikali. Nikamwambia andika, mwanangu. Sasa mlipa kodi wa nyumba hii ni mimi."

"Kaniulizia?"

"Kaniuliza, mwanao yuko wapi. Nikamwambia anaishi ng'ambo."

Alilisema vizuri, bila kukwama. Ilionekana amelifanyia mazoezi.

Kwenye kalenda ya sebuleni, Rula aligundua baadaye, mama alikuwa ameanza kukata siku kwa kalamu nyekundu. Ya kwanza ilikuwa imekatwa asubuhi hiyo aliyofika. "Ili usizidishe," mama alimweleza. "Ukizidisha watakuja kusema unaishi hapa, tuanze upya, na mimi sina tena kitanda cha kutoa." Kesho yake akakata ya pili. Wageni walikuja kumsalimia, wakakaa kwenye viti kando ya kochi lake, wakamuuliza huko kwenu hali ya hewa ikoje.

Siku ya tatu Rula aliamka mapema. Alikuwa amelala vibaya, shuka za wageni zilinuka dawa ya nondo, lakini aliamka na moyo mwepesi kidogo, kwa sababu alikuwa amehesabu. Tangu utotoni kufagia uwanja ilikuwa kazi yake. Alikuwa akiikimbia, akijificha, akijifanya ana homa. Alivaa suruali ya zamani, akatoka nje kabla hajaulizwa kama anataka chai. Mama alikuwa ametangulia, ameinama na ufagio karibu na lango.

"Nipe, mama," alisema, akinyoosha mkono. Ule ule mkono. "Leo ni siku ya tatu."

Mama alimtazama. Alielewa, hilo lilionekana, na macho yake yakalegea kidogo. Kisha akauhamishia ufagio mkono wa pili, ule wa mbali.

"Kakae, baba. Chai inapoa."

Hakwenda kukaa. Alisimama palepale katikati ya uwanja, mkono bado ameunyoosha. Mama alifagia upande wa lango, akafagia upande wa bomba, akaja taratibu mpaka pale aliposimama, akafagia kumzunguka.